Je, Wajua? Mgeni Akipewa Jembe

Je, wajua kwamba kanga haikubuniwa na mtu mmoja wala na kabila moja?

Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, wanawake wa Unguja na Mombasa walikuwa wakinunua leso za mraba zilizoletwa na meli kutoka ng'ambo. Leso hizo zilikuja zikiwa zimeshikana kwenye jora moja la kitambaa. Mwanamke alinunua sita, akazikata tatu tatu, akaziunga ubavu kwa ubavu, akapata vazi pana lenye nakshi ambalo halikuwahi kuvaliwa popote. Wenye maduka, wengi wao Wahindi waliohamia pwani, wakaliona vazi hilo likipita mbele ya milango yao kila siku. Hawakungoja. Wakaagiza kitambaa kizima, pindo na mji vikiwa vimeshachapwa, kutoka viwanda vya Ulaya, na baadaye vya India na Japani.

Mjini Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak lilifunguliwa mwaka 1887. Kanga zake zilijulikana kwa maneno "Mali ya Abdulla", na mara nyingi yeye ndiye anayetajwa kuwa alianza, mwanzoni mwa karne ya 20, kuchapisha jina la kanga, yaani ule msemo unaokaa juu ya pindo la chini. Kwanza misemo iliandikwa kwa hati za Kiarabu, kisha zikaja herufi za Kirumi.

Hebu tuitazame kazi hiyo kwa makini. Mfanyabiashara alijua namna ya kuandika oda kwenda kiwanda kilicho upande wa pili wa dunia, alijua nauli ya mzigo na muda wa kungoja meli. Hakujua bibi harusi wa Mji Mkongwe anataka kumwambia nini wifi yake. Wanawake walilijua hilo vizuri mno, ila hawakuwa na mtambo wa kuchapa nguo. Kila upande ungebaki peke yake, kanga tunayoifunga leo isingekuwepo. Walikutana dukani, mnunuzi akisema anachokitaka na muuzaji akikubali kwamba mnunuzi anajua zaidi. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilipofunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, vazi hilohilo likapata mikono mingine tena ya watu waliotoka mbali.

Na karafuu je?

Mkarafuu si mti wa asili wa Unguja wala Pemba. Ulitoka visiwa vya Maluku, Indonesia, ambako Waholanzi waliulinda wasije wengine wakaupanda. Mfaransa Pierre Poivre alifanikisha kutoroshwa kwa miche hadi Mauritius mwaka 1770, na mwanzoni mwa karne ya 19 mti ukavuka hadi Unguja, ambako Seyyid Said aliamuru upandwe kwa wingi. Lakini waliolima na kuchuma walikuwa watumwa walioletwa kwa nguvu kutoka bara. Uhamaji wa namna hiyo hauna sifa, hata kama uliacha utajiri nyuma yake, na tunapoandika juu ya wageni waliojenga biashara ni haki tuwatenge wale waliokuja kwa hiari yao au kwa kukimbia hatari na wale waliofungwa minyororo.

Je, wajua kwamba M-Pesa ilikusudiwa kulipa mikopo, si kutuma pesa?

Wazo lilianzia Vodafone, Uingereza, kwa Nick Hughes, likiwa na msaada wa fedha wa serikali ya Uingereza. Mwenzake Susie Lonie akaenda kuishi Nairobi kulisimamia pamoja na watu wa Safaricom. Programu iliandikwa Cambridge. Jaribio lilianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, kwa wateja wasiofika 500 wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya. Mpango ulikuwa huu: mkopaji apokee mkopo wake kwenye simu, aulipe kwenye simu, basi.

Wakenya wakaupangua mpango huo bila kumwomba mtu ruhusa. Kuna waliolipia wenzao marejesho ya mkopo, nao wakarudishiwa kwa huduma au bidhaa. Kuna wenye maduka waliogeuza simu kuwa kasiki, kwa sababu benki zilifungwa mapema kuliko duka la wakala, na kulala na pesa taslimu ni hatari. Kuna waliosafiri baina ya Nairobi na Thika mifuko ikiwa mitupu: waliweka pesa kwa wakala wa huku, wakazitoa kwa wakala wa kule. Na kuna walionunua muda wa maongezi wakawarushia ndugu zao huko mashambani.

Timu ile ingeweza kusema wateja wanaharibu mfumo. Badala yake ikawasikiliza. Mambo ya mikopo yakawekwa kando, na M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, ahadi yake kwa umma ilikuwa moja tu: tuma pesa nyumbani. Mwaka uliofuata ikavuka mpaka hadi Tanzania.

Ahadi hiyo ilishika kwa sababu Nairobi ni mji wa wahamiaji wa ndani. Mtu ametoka Kisii, Kitui au Siaya, anafanya kazi mjini, na nyumbani wapo wazazi, ada za shule na shamba. Kabla ya hapo pesa zilisafiri katika bahasha kwa dereva wa basi, au kwa jamaa aliyekuwa akienda likizo, na si kila bahasha ilifika. Mhandisi wa Uingereza hakuwa amewahi kuituma bahasha hiyo. Aliyekuwa na uchungu wa jambo lile ni yule aliyeihama nyumba yake bila kuiacha.

Je, wajua ni nani aliyefuta mpaka wa Namanga na wa Busia kwenye simu yako?

Wasomaji wenye umri watakumbuka kampuni ya simu ya Celtel. Mwanzilishi wake, Mo Ibrahim, ni Mnubi wa Sudan aliyekwenda Uingereza kusoma, akawa mtaalamu wa mitandao ya simu za mkononi huko. Makampuni makubwa ya Ulaya yalipoogopa kuwekeza kusini mwa Sahara, yeye alijua kinyume chake, kwa kuwa alijua kwamba huku watu walilazimika kusafiri mbali ili kuzungumza tu na jamaa zao. Alianzisha kampuni hiyo mwaka 1998. Ilipouzwa mwaka 2005 kwa kampuni ya Kuwait, bei ilikuwa dola bilioni 3.4.

Lililo karibu zaidi nasi lilikuja Septemba 2006. Celtel iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania, mteja akaweza kuvuka mpaka na laini yake ileile, akapiga kwa bei ya wenyeji, akapokea simu bila kutozwa, akakwangua vocha ya nchi aliyomo. Mwaka 2007 huduma ikafika Gabon na nchi zote mbili za Kongo. Ulaya, yenye soko la pamoja la miaka mingi, ilifuta gharama za kutumia simu nje ya nchi baina ya wanachama wake mwaka 2017 tu. Dereva wa lori wa Mombasa hadi Kampala alikuwa ameshaonja jambo hilo zaidi ya miaka kumi kabla ya mtalii wa Berlin anayekwenda Roma.

Je, wajua kwamba ufundi hukaa mikononi, na mikono ikihama nao huhama?

Oktoba 1685 Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alifuta amri iliyokuwa ikiwalinda Waprotestanti wa nchi yake, walioitwa Wahugenoti. Kutoka kulikatazwa, wakatoka kwa maelfu usiku. Wengi walikuwa wafumaji wa hariri, wasokotaji sufu, mafundi saa, watengenezaji kofia. Hazikupita wiki tatu, mtawala wa Brandenburg-Prussia, ambayo watu wake walikuwa wamepungua sana kwa vita na maradhi, akatoa tangazo la Potsdam: waje, watasamehewa kodi kwa muda, watapewa nyumba, vifaa na mahali pa kufungua karakana. Wakaja kama 20,000. Kufikia mwaka 1700, karibu mtu mmoja kati ya watano mjini Berlin alikuwa Mfaransa.

Zaidi ya miaka 300 baadaye mwanauchumi Erik Hornung alizichambua kumbukumbu za viwanda vya nguo vya Prussia vya mwaka 1802. Aligundua kwamba miji iliyopokea Wahugenoti wengi zaidi bado ilikuwa na viwanda vyenye tija kubwa zaidi, zaidi ya karne nzima baada ya wakimbizi wa kwanza kufika. Hakuna kitabu cha ufundi kilichoandikwa wakati ule ambacho kingefanya hivyo. Fundi hufundisha kwa kukaa na mwanagenzi, kumshika mkono, kumkemea, kumwonyesha tena.

Jambo kama hilo lilitokea tena kuanzia mwaka 1933, Wanazi walipowafukuza Wayahudi katika vyuo vikuu vya Ujerumani. Baadhi ya wanakemia waliofukuzwa wakakimbilia Marekani. Petra Moser na wenzake wawili walihesabu hataza, yaani vyeti vya kulinda uvumbuzi, wakakuta katika matawi ya kemia ambayo wakimbizi hao walibobea, uvumbuzi wa Wamarekani uliongezeka kwa asilimia 31. Na sehemu kubwa ya ongezeko hilo haikutoka kwa wavumbuzi waliokuwepo tayari katika fani hizo. Ilitoka kwa wavumbuzi wapya wa Kimarekani walioingia katika fani hizo baada ya wageni kufika. Kwa anayeamini kwamba kila kiti anachokalia mgeni kimenyang'anywa mwenyeji, hesabu hiyo inafaa kusomwa mara mbili.

Hata jinzi ni kazi ya wahamiaji. Fundi cherehani Jacob Davis alizaliwa Riga, akahamia Marekani, akafungua kibanda cha kushona mjini Reno, Nevada. Mama mmoja alimwomba suruali ya mumewe mkata kuni isiyochanika mifuko. Davis akaikaza kwa ribiti, vijisumari vidogo vya shaba vinavyogongwa pande zote mbili. Suruali ikapendwa, naye akaogopa kuibiwa wazo, lakini fedha ya kusajili uvumbuzi ilimpiga chenga. Akamwandikia barua mfanyabiashara wa San Francisco aliyekuwa akimuuzia vitambaa, mhamiaji kutoka Bavaria aitwaye Levi Strauss. Hataza ilitolewa kwa wote wawili tarehe 20 Mei 1873.

Je, wajua kwamba kundi lenye mgeni hufanya kazi vizuri zaidi huku likidhani linafanya vibaya?

Huu ndio uchunguzi ninaoupenda kuliko yote, na ningetamani kila meneja wa Nairobi, Dar es Salaam au Kigali aujue. Mwaka 2009 Katherine Phillips, Katie Liljenquist na Margaret Neale walichapisha matokeo ya jaribio waliloliendesha kwa wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani. Wanafunzi hao walikuwa wanachama wa vyama vya chuoni ambavyo watu hujitambulisha navyo sana. Watu watatu wa chama kimoja walipewa kisa cha mauaji, wamtafute muuaji miongoni mwa washukiwa. Baada ya dakika tano akaingia mtu wa nne. Katika makundi mengine alikuwa wa chama chao. Katika mengine alitoka chama kingine.

Makundi yaliyopata mwenzao yalipatia jibu mara 29 katika kila 100. Yaliyopata mgeni yalipatia mara 60. Lakini yalipoulizwa, makundi yenye mgeni ndiyo yaliyosema kwamba mazungumzo yalikuwa magumu na kwamba hawakuwa na hakika na jibu lao. Wale wa chama kimoja walitoka wakiwa wamefurahi, wana hakika, na wengi wao wamekosea.

Na wala haikuwa kwamba mgeni alileta siri ambayo wengine hawakuwa nayo. Kilichobadilika ni mwenendo wa wenyeji. Mmoja wao alipojikuta anakubaliana na mgeni dhidi ya wenzake wa siku zote, jambo hilo lilimsumbua, akalazimika kueleza hoja yake hatua kwa hatua, na wenzake wakalazimika kuisikiliza. Wakiwa peke yao, mmoja angesema na wengine wangetikisa kichwa. Kwa hiyo ofisi ambayo mikutano yake huisha haraka na kila mtu ameridhika haijathibitisha bado kwamba inafanya kazi vizuri.

Hapa ndipo panapokosewa na makampuni mengi. Huajiri watu wa makabila, dini na nchi mbalimbali, wakawapiga picha kwa ajili ya ripoti ya mwaka, kisha maamuzi yakaendelea kufanywa na wale wanne waliosoma shule moja. Matokeo ya jaribio lile yalitegemea kitu kimoja: wote wanne walikaa meza moja na jibu lilikuwa la wote.

Je, wajua ni wahamiaji wangapi walihusika na chanjo moja ya korona?

Katalin Karikó aliondoka Hungaria mwaka 1985 na mumewe na binti yao mdogo, wakiwa wameficha pauni 900 ndani ya mdoli wa mtoto, kwani sheria haikuruhusu kutoka na fedha hizo. Huko Philadelphia aliichunguza molekuli iitwayo mRNA miaka ambayo karibu hakuna aliyetaka kuigharamia, na mwaka 1995 chuo kikuu chake kikamshusha cheo. Kisha akakutana na Drew Weissman, daktari wa kinga ya mwili. Walitoka fani mbili tofauti. Mmoja alijua molekuli, mwingine alijua namna mwili unavyozipiga vita, na mwaka 2005 wakachapisha njia ya kuibadilisha mRNA ili mwili usiikatae.

Kampuni ya BioNTech, iliyomwajiri Karikó mwaka 2013, ilianzishwa mjini Mainz mwaka 2008 na mke na mume: Özlem Türeci, aliyezaliwa Ujerumani kwa wazazi wa Kituruki, na Uğur Şahin, aliyezaliwa Uturuki na kuletwa mtoto kwa sababu baba yake alipata kazi katika kiwanda cha magari cha Ford mjini Cologne. Mshirika wao, kampuni ya Pfizer ya Marekani, aliongozwa na Albert Bourla, Mgiriki wa Thessaloniki. Uingereza iliidhinisha chanjo yao, iliyotumia mRNA, tarehe 2 Desemba 2020. Mwaka 2023 Karikó na Weissman wakapewa Tuzo ya Nobel.

Ujerumani iliposaini mkataba na Uturuki mwaka 1961 ili ipate wafanyakazi, ilikuwa ikitafuta mikono ya viwandani, na ilitarajia wengi warudi kwao baada ya muda. Hakuna afisa aliyeandika kwenye fomu kwamba mtoto wa mfanyakazi mmoja atakuja kutengeneza chanjo.

Je, wajua kilichotokea sukari ilipopotea Uganda?

Nanji Kalidas Mehta alianzisha kiwanda cha sukari Lugazi mwaka 1924. Muljibhai Madhvani akajenga kingine Kakira, karibu na Jinja. Wote wawili walikuja kutoka Gujarat wakiwa vijana. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, akisema uchumi urudi kwa wenyewe. Madai ya Waganda kwamba biashara ilikuwa imeshikwa na wachache hayakuwa ya uongo, kwani utawala wa kikoloni ulikuwa umewafungia njia makusudi. Lakini pamoja na wenye viwanda waliondoka wahasibu, makanika, wafamasia, walimu na watu waliojua ni nani wa kumpigia simu kipuri kikiharibika. Miaka michache baadaye, nchi iliyokuwa ikijitosheleza kwa sukari ilipanga foleni kuitafuta, na magendo yakawa ndiyo biashara.

Zaidi ya 27,000 walifika Uingereza. Halmashauri ya mji wa Leicester ilitangaza katika gazeti la Uganda Argus ikiwasihi wasije huko, ikisema nyumba na shule zimejaa. Wakaja vivyo hivyo. Mtaa wa Belgrave, uliokuwa umedorora, ukawa mtaa wa maduka ya vito, sari na vyakula ambao watu husafiri kutoka miji mingine kuufuata, na leo Leicester inajivunia yale iliyotaka kuyazuia. Familia ya Madhvani ilirudi Kakira mwaka 1985 na kuufufua mtambo uliokuwa umeota kutu.

Na wakimbizi wa leo?

Wahenga walituambia mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Uganda imeliandika jembe hilo kwenye sheria: Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kwenda atakako. Mwaka 2014 watafiti wa Oxford wakiongozwa na Alexander Betts walichapisha matokeo ya utafiti wao mjini Kampala. Walikuta Wakongo wakiuza vitenge na mapambo, Wasomali wa Kisenyi wakiendesha maduka, na asilimia 21 ya wakimbizi waliohojiwa wakiwa na biashara iliyoajiri angalau mtu mmoja mwingine. Katika kila waajiriwa 10 wa biashara hizo, 4 walikuwa Waganda.

Ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya, kambi ya Kakuma huko Turkana ilichunguzwa na IFC, shirika la Kundi la Benki ya Dunia, katika ripoti ya mwaka 2018. Ilikutwa na biashara zaidi ya 2,000 na soko la thamani ya dola milioni 56 kwa mwaka, ingawa wengi wa wenye maduka hayo hawakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali. Mzigo wa duka ukiisha, wengi walilazimika kwanza kuomba karatasi ndipo waende mjini kuununua.